Masaki au Mbezi Beach: mwongozo kamili wa kuchagua kwa kuangalia shule na foleni

Familia ikishafikia uwezo wa kuhamia ushuani Dar es Salaam, kwa kawaida huanza kutafuta nyumba. Wanaipenda, wanalipa kodi ya miezi sita au mwaka, halafu ndipo wanauliza shule iko wapi na kazini watafika saa ngapi. Anayefuata mpangilio huo mara nyingi huhama tena kabla ya mwaka wa pili. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake: shule kwanza, barabara ya pili, nyumba ya mwisho. Tumechukua Masaki na Mbezi Beach kwa sababu ndiko wengi wanakokwama kuamua, na kwa sababu tofauti yao haionekani kwenye picha za dalali.

Hatua ya 1: Hakikisha mnazungumzia mtaa mmoja

Kwenye matangazo, "Masaki" hutanuka mpaka Msasani, Namanga na hata Mikocheni. "Mbezi Beach" hutanuka zaidi: utaonyeshwa nyumba ya Salasala, ya Goba au ya karibu na Tegeta kwa jina hilohilo. Na wapo wageni wa jiji waliokubaliana na dalali kwa simu wakajikuta Mbezi ya Kimara, barabara ya Morogoro, upande mwingine kabisa wa mji.

Dawa yake ni maswali mawili. Kituo cha daladala kilicho karibu ni kipi? Na kutoka lami mpaka getini ni dakika ngapi kwa mguu? Akijibu Tangi Bovu, Makonde au Africana, mko Mbezi Beach. Akianza kusema "ukipanda bodaboda ni hapo tu", mwambie akutumie lokesheni kabla hujatoka nyumbani.

Kwa Mbezi Beach uliza pia nyumba iko upande gani wa Barabara ya Bagamoyo, wa baharini au wa juu. Tutaona baadaye kwa nini swali hili lina uzito kuliko idadi ya vyumba.

Hatua ya 2: Chagua mtaala kabla ya shule

Mtaala ndio unaopunguza orodha haraka. Mikondo mikuu ni mitatu: NECTA (mtaala wa taifa, unaotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa Kiingereza katika shule binafsi, Cambridge wa Uingereza (IGCSE na baadaye A-Level), na IB (International Baccalaureate). Jiulize mtoto atamalizia wapi kidato cha sita. Mzazi ambaye kazi yake inaweza kumhamishia Nairobi au Dubai atapata wepesi zaidi kwa Cambridge au IB. Anayetaka mtoto asome chuo kikuu hapa nchini bila kuhangaika na vyeti, NECTA ndiyo njia iliyonyooka. Mikondo mingine nayo inafika, ila matokeo ya nje lazima yapelekwe NECTA yafanyiwe ulinganifu.

Kosa linalogharimu ni kuhama mkondo katikati. Mtoto wa NECTA ana namba ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, inayomfuata shule hadi shule, na anafanya upimaji wa darasa la nne kisha mtihani wa kumaliza msingi. Ukimtoa darasa la tatu ukampeleka Cambridge, halafu ukataka kumrudisha miaka miwili baadaye, utakuta pengo la upimaji ambao hakuufanya na somo la Kiswahili alilolisahau. Kama kuna dalili yoyote kwamba ada itakuelemea, afadhali ubaki NECTA tangu mwanzo.

Kalenda nazo hazifanani. Shule za NECTA huanza Januari na kumaliza Desemba, na likizo ndefu huwa Juni na Desemba. Shule nyingi za kimataifa huanza Agosti au Septemba na kufunga Juni. Shule binafsi zenye majina hufanya usaili miezi kadhaa kabla ya kufungua, kwa hiyo anayeanza kutafuta nafasi Desemba anakuta madarasa yamejaa, hasa darasa la kwanza na kidato cha kwanza.

Hatua ya 3: Weka shule kwenye ramani

Ukanda wa Masaki una sekondari ya International School of Tanganyika, ambayo ni ya IB, na Dar es Salaam International Academy. Ukivuka daraja la Selander unaingia Upanga, penye shule nyingi kuliko watu wanavyodhani: Aga Khan, Al Muntazir, Shaaban Robert, na kampasi ya watoto wadogo ya International School of Tanganyika.

Hilo la mwisho lizingatiwe vizuri. Watoto wa shule hiyo husoma Upanga mpaka darasa la tano, kisha kuanzia la sita huhamia Masaki. Familia yenye mtoto wa miaka 7 na mwingine wa 12 itakuwa na safari mbili za kwenda pande mbili kila asubuhi, japo ada inaingia akaunti moja.

Upande wa kaskazini, kuanzia Mbezi Beach kwenda Kunduchi, utakuta Haven of Peace Academy, Braeburn na baadhi ya shule za Feza. Feza wana mkondo wa NECTA na wa Cambridge, lakini katika shule tofauti, kwa hiyo usiseme tu "Feza", taja ipi. Katikati, Mikocheni nako kuna shule, ikiwemo Academic International.

Chukua ramani ya simu, weka alama kwenye shule mbili au tatu zilizobaki kwenye orodha yako, kisha weka ofisi ya kila mzazi. Ofisi nyingi zimetoka Posta zikahamia Oysterbay, Masaki, Victoria na Morocco, kwa hiyo usihesabu kwa mazoea ya "mjini". Na kama kazi iko uwanja wa ndege, bandarini au Barabara ya Nyerere, Masaki inapoteza sehemu kubwa ya faida yake. Kutoka Mbezi Beach unapita Mwenge, Sam Nujoma, Ubungo kwenye barabara za juu za Kijazi, kisha Mandela mpaka Tazara. Kutoka Masaki lazima kwanza ujinasue kwenye rasi.

Hatua ya 4: Soma mwelekeo wa foleni

Watu wengi hulinganisha kilomita. Kutoka Posta mpaka Masaki ni kama kilomita 8, na mpaka Mbezi Beach ni kama 18. Lakini Dar kilomita peke yake haisemi kitu bila mwelekeo. Asubuhi gari zinaingia mjini, jioni zinatoka. Anayekwenda kinyume cha mkondo huo anaweza kutumia nusu ya muda wa mwenzake kwenye barabara ileile.

Linganisha familia mbili. Ya kwanza inaishi Mbezi Beach na mtoto anasoma Upanga. Asubuhi anaingia na mkondo, na akibaki shule kwa michezo mpaka saa 11 jioni anatoka na mkondo. Anaumia mara mbili. Ya pili inaishi Masaki na mtoto anasoma Kunduchi. Umbali unakaribiana, ila asubuhi anakwenda kaskazini wakati foleni inashuka kusini, na saa 9 alasiri anarudi kabla jiji halijafumuka. Hii ya pili inavumilika. Ya kwanza, kwa mtoto wa chini ya miaka 10, hatuipendekezi kabisa, hata kama nyumba ina bwawa la kuogelea.

Kuna tahadhari moja. Askari wa usalama barabarani huvuta upande wenye gari nyingi, na pale Mwenge au Morocco upande wa pili unaweza kusimamishwa muda mrefu ili wanaoingia mjini wapite. Kwenda kinyume cha mkondo kunasaidia, lakini hakukuhakikishii kufika kwa wakati.

Sasa lile suala la upande wa barabara. Tunaendesha kushoto, na bahari iko mashariki. Nyumba ya Mbezi Beach iliyo upande wa baharini inatoka kwenye barabara ya mtaa, inakata kushoto, tayari imeingia njia ya kwenda mjini. Aliye upande wa Mbezi Juu lazima avuke njia za wanaokwenda Tegeta ndipo aingie kulia, au apande juu kutafuta pa kugeuzia. Saa 12:45 asubuhi tofauti hiyo peke yake inaweza kuwa dakika 10 hadi 20. Kama shule iko Kunduchi, hesabu inageuka: aliye upande wa juu ndiye anayeingia barabarani bila kusubiri. Jioni kila mmoja analipia kile alichookoa asubuhi, lakini jioni hakuna kengele ya shule.

Na barabara yenyewe inabadilika. Mwendokasi awamu ya nne inafuata Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo kuelekea Tegeta, na njia ya mabasi katikati hubadilisha mahali pa kukata kulia na kugeuzia. Usitegemee njia uliyoijua miaka mitatu iliyopita. Nenda ukaione ilivyo leo.

Masaki nako kuna ugonjwa wake. Ni rasi, na milango ya kutokea ni michache: Haile Selassie, Kimweri, na Toure Drive. Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika mwaka 2022, lilipunguza maumivu sana kwa wanaokwenda Upanga, hospitali ya Aga Khan na Posta kupitia Barack Obama Drive. Kwa anayekwenda Mwenge au Ubungo halina msaada. Wikiendi eneo la Coco Beach hujaa, na Ijumaa jioni njia za kuelekea kwenye migahawa na baa huwa na foleni za starehe ambazo mzazi mwenye mtoto wa mazoezi ya kuogelea hazimfurahishi hata kidogo.

Hatua ya 5: Pima mwenyewe, kwa siku sahihi

Vipimo vya Juni na Desemba vitupe. Shule zimefungwa, barabara nyeupe, na ndiyo miezi madalali wanayopenda kukutembeza. Vipimo vya Jumapili ndiyo usiviguse kabisa.

Pima Jumatatu au Jumanne wakati shule za NECTA na za kimataifa zote zimefunguliwa: Februari, Machi, Septemba na Oktoba ni miezi mizuri. Anzia getini mwa nyumba unayoitaka, siyo kituoni, maana dakika za kutoka ndani mpaka lami ndizo zinazosahaulika. Toka kwa wakati ambao mtoto angetoka kweli. Shule ikianza saa 1:30, lenga kufika saa 1:15, kisha rudi nyuma. Andika nyakati nne: kutoka getini, kufika barabara kuu, kushusha mtoto, kufika kazini. Rudia angalau mara moja siku ya mvua. Mvua ya nusu saa inaweza kuongeza saa nzima Dar, na masika huanza Machi mpaka Mei, katikati ya muhula.

Programu ya ramani ya simu inasaidia kwa makadirio ya kwanza. Tumia sehemu ya kuchagua saa ya kuondoka, uangalie kile kikomo cha juu cha muda inachokupa, siyo cha chini. Hata hivyo haijui kwamba askari atakuzuia, wala kwamba lori la kokoto limeziba mtaa wa ndani.

Kwa kawaida tarajia hivi: Masaki hadi Posta dakika 15 hadi 20 njia ikiwa wazi, na 30 hadi 45 asubuhi ya kazi. Mbezi Beach hadi Posta dakika 35 hadi 40 njia ikiwa wazi, na saa moja na robo hadi saa mbili asubuhi. Kupitia Kawe na Barabara ya Mwai Kibaki badala ya Mwenge kunasaidia ukitoka mapema. Baada ya saa 1 asubuhi kila mtu ameshalikumbuka wazo hilo.

Hatua ya 6: Geuza muda kuwa hesabu

Chukua mfano wa mzazi mmoja anayekwenda Posta siku 22 kwa mwezi. Mbezi Beach anaendesha kilomita 36 kwa siku, Masaki 16. Tofauti ni 20 kwa siku, 440 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita kwenye foleni litakunywa lita 55 zaidi. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 165,000. Weka bei ya mwezi wako, jibu halitapanda sana. Pengo la kodi kati ya mitaa hii miwili huwa kubwa kuliko hapo kwa mbali, kwa hiyo anayesema Masaki inajilipa kwa mafuta hajapiga hesabu.

Muda ndio unaolipa. Dakika 90 kwa safari dhidi ya 35 ni tofauti ya 55. Mara mbili kwa siku, mara 22, unapata dakika 2,420. Ni kama saa 40 kila mwezi, yaani wiki nzima ya kazi ukiwa umekaa nyuma ya usukani. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kila mtu wa nyumba, mtoto akiwemo, kisha jumlisha. Ikiwa baba anafanya kazi Posta lakini mama yuko Mwenge na watoto wawili wanasoma Kunduchi, Mbezi Beach inaweza kushinda kwa saa nyingi ingawa baba atalalamika.

Hatua ya 7: Basi la shule

Usiulize shule kama wana basi. Wanalo. Waulize hivi: kwa kituo changu, mtoto anapandishwa saa ngapi, na anashushwa saa ngapi? Yeye ni wa ngapi kupandishwa? Basi huanzia mbali na kukusanya likielekea shuleni, kwa hiyo wa mbali hupanda wa kwanza asubuhi na kushuka wa mwisho jioni. Nyumba iliyo mwisho wa ruti inaweza kumtoa mtoto kitandani saa 10:30 alfajiri, wakati wa kituo cha tatu anaamka saa 11:30.

Maswali mengine yanayofaa: basi linafika getini au kituoni? Nani anakaa nao nyuma, matroni au dereva peke yake? Kuna basi la pili kwa wanaobaki michezoni, au mzazi anafuata mwenyewe? Kwa aliye Mbezi Beach mwenye mtoto Upanga, kukosekana kwa basi la pili maana yake ama mtoto aache mpira, ama mzazi aache kazi saa 9. Na gharama ya basi iulizwe kwa mwaka mzima, kwa maandishi, maana mara nyingi haimo kwenye ada inayotajwa simuni.

Siku ya kutembelea shule, nenda wakati wa kushusha watoto. Simama nje dakika 20 uangalie magari yanaingiaje, mabasi yanafika saa ngapi, na watoto wangapi wanashuka wakiwa bado wamelala.

Hatua ya 8: Sasa nyumba

Kwa pesa ileile, Masaki utapata apatimenti na Mbezi Beach nyumba yenye uwanja, mabanda ya uani na miti. Hilo linajulikana. Yafuatayo huachwa mpaka baada ya kuhamia.

Maji: mitaa yote miwili hutegemea sana bomba la Ruvu Chini, kwa hiyo likikatika mtaumia wote. Angalia ukubwa wa simtanki na kama kuna tangi la chini ya ardhi. Familia ya watu watano yenye tangi la lita 2,000 tu itakuwa mteja wa maboza. Wakikuambia kuna kisima, onja. Masaki ni rasi na maji ya visima karibu na bahari huwa ya chumvi. Yanaosha gari, yanaua hita ya maji.

Mafuriko: Mbezi Beach hupitiwa na mto Mbezi, na nyumba za bondeni huingiliwa na maji mvua kubwa zikinyesha juu Goba. Upande wa rasi, sehemu za chini kama Bonde la Mpunga, Msasani, nazo hujaa. Angalia mstari wa rangi tofauti chini ya ukuta, vizingiti vya milango vilivyoinuliwa kwa matofali, na soketi zilizohamishiwa juu. Muulize muuza genge wa jirani au vijana wa bodaboda, siyo mlinzi wa nyumba.

Barabara ya ndani: ya vumbi Januari ni ya tope Aprili. Gari dogo la chini litakwama, na basi la shule litakataa kuingia.

Kelele: Masaki ina baa na ujenzi wa maghorofa. Rudi saa 4 usiku siku ya Ijumaa, uzime gari, usikilize.

Hatua ya 9: Mkataba

Tangu mwaka 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza bei na malipo ya ndani kwa dola. Masaki wapo bado wanaotamka dola. Mkataba wako uandikwe kwa shilingi, bila kipengele cha "sawa na dola kadhaa kwa bei ya siku". Kama kampuni ndiyo inayopanga kwa niaba yako, itapaswa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA, kwa hiyo mkubaliane mapema kama kiasi mnachotaja ni kabla au baada ya makato.

Ujira wa dalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Mlipe baada ya kusaini na kupokea funguo, na hakikisha aliyesaini ndiye mmiliki au ana barua ya kumwakilisha. Serikali ya mtaa huwa inajua nyumba ni ya nani.

Muda wa mkataba uufunge na kalenda ya shule. Aliye NECTA aanze Desemba, aliye Cambridge au IB aanze Julai, ili kuhama kusiangukie katikati ya muhula. Omba miezi sita ya kwanza yenye haki ya kuongeza kwa kodi ileile, na notisi ya miezi miwili kwa pande zote. Wenye nyumba wengi wanataka mwaka mzima, lakini ukiwaonyesha kwamba unasubiri majibu ya usaili wa shule wapo wanaokubali. Na ikiwa majibu hayajatoka, usilipe nyumba. Yakitoka, lipa kwanza ada ya kushikilia nafasi ya mtoto, ambayo hata ikipotea ni ndogo kuliko kodi ya mwaka kwenye mtaa usiofaa.

Hesabu zikikugongana kabisa, yaani kazi Posta na shule Kunduchi, tazama Mikocheni au Kawe kabla ya kuchagua kuumia upande mmoja. Hakuna hadhi ya Masaki wala uwanja wa Mbezi Beach, lakini njia zote mbili zinakuwa nusu. Kagua tu mifereji kwa makini, kwa sababu sehemu za Mikocheni hujaa maji upesi.